Barua ya wazi kwa vijana wangu wa kijiwe: kabla hamjacheka tena

Wanangu,

Jumamosi iliyopita tulimzika mama wa mwenzenu. Nilitangulia makaburini, maana kwa umri huu siwezi tena kukimbizana na gari la msiba. Nikawakuta mmevua mashati mnapokezana sururu na koleo, na mnajua ardhi yetu ya Mwanza ilivyo, unachimba futi moja unakutana na jiwe. Nikawahesabu. Mmoja hakuwepo. Nikasema moyoni atakuwa amepata abiria wa mbali, atakuja. Hakuja makaburini, hakuja nyumbani, hakutuma hata shilingi mia tano ya rambirambi. Na huyo ndiye aliyekula ugali wa mama yule kuliko ninyi nyote, kwa sababu yeye na mfiwa walikalia dawati moja tangu darasa la kwanza.

Sababu mnaijua. Hawakugombania pesa wala mwanamke, na hakuna aliyemwibia mwenzake mteja. Waligombana kwa ajili ya mchambuzi wa siasa wa kwenye simu.

Sitamtaja jina. Wapo wengi, na nikimtaja huyu mtasema Mzee anamshabikia yule. Lakini siku yenyewe nilikuwepo. Nilikuwa nimefungua sabufa ya mteja, spika iko mapajani, nanyi mmeinamia simu moja kwenye meza ya fundi simu. Nilimsikia vizuri. Sauti nzuri, Kiswahili chake kinateleza, na anajua wapi pa kunyamaza kidogo ili watu wasubiri. Akasema wale wa upande ule ni chawa, na chawa habembelezwi, chawa anabanwa katikati ya kucha mbili. Mkaangua kicheko. Hata yule wa upande unaosemwa alicheka kidogo, nilimwona. Ndipo rafiki yake akamgeuzia simu usoni: "Si wewe huyu?" Mwenzake akajibu kwamba afadhali chawa kuliko nyumbu anayefuata mkia wa mwenzake mpaka mtoni kwa mamba. Mkacheka tena. Sijui ni nani aliyemshika mwenzake shati kwanza, ninachojua ni kwamba meza ilipinduka, skrubu zikatawanyika mchangani na kioo cha simu ya mteja kikapasuka. Kioo hicho nimekilipa mimi.

Sikulala vizuri usiku ule, na sikukesha kwa ajili ya kioo. Kilichonikosesha usingizi ni neno chawa. Najua kwenu ni utani. Najua wapo wanaojiita chawa wenyewe na kuvimba kifua. Lakini mimi niliwahi kuishi karibu na watu waliokuwa na mdudu wao wa utani, nao mdudu wao alikuwa mende.

Mwaka 1994 nilikuwa fundi redio Ngara, kule mpakani na Rwanda. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Tarehe 6 Aprili mwaka ule Rais Habyarimana wa Rwanda alitoka kwenye mkutano hapa kwetu, Dar es Salaam, na ndege yake ikatunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Usiku uleule mauaji ya Watutsi yakaanza. Tarehe 28 Aprili daraja la Rusumo, pale mpakani, likafurika watu: ndani ya muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya laki mbili walivuka kuingia kwetu. Nilisimama kando ya barabara nikawatazama. Walibeba magodoro, masufuria, watoto, mbuzi. Na redio. Mtu hana viatu, lakini redio iko kwapani imefungwa kitenge.

Kwa hiyo nilipata kazi nyingi. Waya za spika zilizokatika, betri zilizovuja zikala chuma, antena zilizovunjika. Walinilipa maharage, au unga wa msaada. Mteja wangu mmoja alijua Kiswahili kwa sababu alikuwa utingo wa malori ya Dar. Mtu mpole, mwenye mikono mikubwa. Alikuwa akikaa kwenye kigoda changu nikimtengenezea, na siku moja nikamuuliza habari za ile redio ya Rwanda iliyokuwa ikizungumzwa kila mahali, RTLM. Akatabasamu. Akaniambia, "Tulikuwa tunacheka sana, fundi."

Sentensi hiyo nimeibeba zaidi ya miaka thelathini.

Akanieleza. Redio ya serikali yao ilikuwa kavu, hotuba asubuhi, hotuba jioni. RTLM ilipoanza Julai 1993 ilikuja na muziki wa Kikongo, ikapokea simu za wasikilizaji, na watangazaji wake walizungumza kama watu walioketi baa. Alikuwepo mmoja anaitwa Kantano Habimana, mcheshi kupindukia, watu walizima shughuli wamsikilize. Inasimuliwa kwamba hata askari wa RPF, waasi waliopigana na serikali ile, waliokuwa wakitukanwa mle ndani walimsikiliza wakacheka. Ndani ya vichekesho mlikuwa na lile neno, inyenzi, mende. Kwanza mende walikuwa waasi wenye bunduki. Baadaye wakawa wanaodhaniwa kuwasaidia. Mwishowe mende akawa mama muuza ndizi aliyezaliwa Mtutsi. Hakuna aliyetangaziwa kwamba maana ya neno imebadilishwa leo. Ilipanuliwa kidogo kidogo huku watu wakicheka, na Aprili ilipofika redio ileile, kwa sauti zilezile walizozizoea, ikawa inasoma majina ya watu, mahali walipojificha, hata namba za magari yao.

Mteja wangu alisema jina la kwanza la mtu wa mtaani kwao lilipotajwa hewani walicheka, kwa sababu mtangazaji alimtania urefu wake. Kisha akanyamaza. Nikaendelea kulehemu waya. Sikumuuliza yeye alifanya nini baada ya kucheka. Nilimaliza, nikawasha, ikaimba, akanipa unga wangu akaondoka. Redio yake niliitengeneza kwa mikono hii.

Miezi ile maiti zilielea kwenye mto Kagera mpaka Ziwa Victoria, ziwa hilihili mnaloliona kutoka kijiweni. Umoja wa Mataifa unakadiria watu laki nane waliuawa kwa siku kama mia moja; Rwanda wenyewe wanasema walipita milioni.

Wapo wasomi wanaosema redio peke yake haikuua watu, kwamba kulikuwa na jeshi, wanamgambo, viongozi wa vijiji, na hofu ya vita. Nakubaliana nao. Redio haishiki panga. Lakini Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, tarehe 3 Desemba 2003, iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, walioianzisha RTLM, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kuwapunguzia vifungo, wakabaki na miaka 30, 32 na 35. Nahimana alikuwa mwanahistoria wa chuo kikuu, na Barayagwiza mwanasheria. Nawatajia kazi zao kwa sababu kuna mmoja wenu aliniambia, "Mzee, huyu jamaa ana digrii mbili, hawezi kuongea upuuzi."

Na kuna Georges Ruggiu. Huyu alikuwa Mzungu, Mbelgiji. Kinyarwanda hajui. Hakuwa na shamba Rwanda wala ugomvi wa mpaka na jirani. Alikwenda akaingia studio akawa mtangazaji wa Kifaransa wa RTLM, akachochea kama wenye nchi. Mwaka 2000 alikiri kosa mbele ya mahakama ileile ya Arusha, akafungwa miaka 12. Kila nikimfikiria nawakumbuka ninyi, wanangu, mnavyobeba ugomvi wa watu ambao hata namba yenu ya simu hawana.

Sasa nisikilizeni vizuri kabla hamjanirukia. Sijasema mchambuzi wenu ni RTLM. Nchi yetu si Rwanda ya 1994, na mtu kumsema mwanasiasa vikali si dhambi, ni haki yake. Waziri akiiba asemwe. Barabara ikijengwa kwa karatasi tu isemwe kwa sauti kubwa. Ninachowakataza ni kucheka. Ndiyo, kucheka. Mtu akikuhubiria chuki akiwa amenuna utamshtukia, utasema huyu mbaya. Akikuchekesha, unakuwa umeshakubali kabla hujafikiri, kwa sababu kicheko hakisubiri ruhusa. Umecheka, mwenzako amecheka, sasa mnaona aibu kusema kwamba neno lile halikuwa zuri. Anayelikataa anaitwa mnoko, hajui utani. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi nimeuona usaha wenyewe ukishuka na maji.

Wala msiniambie utani ni mila yetu. Mimi ni mtu wa utani. Kwenye msiba mtani wangu anaweza kulala kwenye jeneza akadai hela, na mimi nitacheka huku nalia. Lakini mtani wangu anakuja msibani! Anachimba kaburi, anapika, analala nje na mfiwa. Utani una deni ndani yake. Huyu wa kwenye simu amemtania mwenzenu, na mama wa mwenzenu alipokufa alikuwa wapi?

Najua kwa nini mnampenda, na hapa lazima niseme ukweli wetu sisi wakubwa. Mnampenda kwa sababu mna hasira na yeye ana hasira. Mmemaliza shule mkaambiwa mjiajiri, mmejiajiri mgambo anakuja kuwafukuza barabarani. Mkifungua taarifa ya habari mnakuta kiongozi amezindua choo cha shule, na mtangazaji anasoma taarifa ya ofisi kama ilivyoletwa, bila swali hata moja. Mwandishi wa wilayani analipwa kwa habari moja moja hela isiyotosha nauli, halafu tunashangaa haendi kijijini kuuliza. Na serikali nayo ina lake. Mwaka 2022 magazeti manne, Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, yalifunguliwa baada ya kufungiwa kwa miaka. Miaka yote hiyo aliyetaka kusoma maoni tofauti alielekea wapi? Alielekea kwenye simu, kwa yeyote mwenye kinywa kikubwa. Ukifunga duka la anayeuza kwa mizani, watu watanunua kwa anayekadiria kwa mkono.

Na sisi wazee tumenyamaza. Jioni tulikuwa tunakaa nje, redio moja kwa nyumba tano, tunasikiliza RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, pamoja halafu tunabishana. Mwenye hoja mbovu aliumbuliwa palepale na mkewe. Siku hizi kila mtu ana kisikilizio sikioni na mchambuzi wake kichwani, hakuna wa kumwambia "ebu rudia, hapo amedanganya." Hilo ni kosa letu pia, nalikiri.

Lakini hasira yenu ni mali, na kuna anayeivuna. Wamarekani ndio walioifanya biashara kubwa, na hawa wetu wanajifunza kwao hata kama hawajui wanajifunza kwa nani. Tangu 1949 Marekani ilikuwa na kanuni iliyozitaka redio na televisheni kutoa nafasi kwa pande zote za jambo lenye ubishani. Mwaka 1987 ikafutwa. Mwaka uliofuata mtangazaji wa redio Rush Limbaugh akaanza kurusha kipindi chake nchi nzima, kwa muda wa saa tatu kila siku ya kazi, vichekesho na kejeli kwa upande mmoja tu. Mashabiki waliompigia simu wakazoea kusema tu "na mimi vilevile" badala ya kutoa hoja, mpaka hilo likawa jina lao wenyewe. Mkataba aliosaini mwaka 2008, wa miaka minane, uliripotiwa kuwa wa dola milioni 400. Hebu zigeuzeni ziwe shilingi, halafu jiulizeni ni mkataba gani walioupata wale waliokuwa wakimpigia simu.

Tena hebu mwone wanavyosema wenyewe wakibanwa. Mwaka 2020 mawakili wa Fox News, televisheni ya Marekani, walijitetea mahakamani New York kwamba mtazamaji mwenye busara anaelewa kuwa maneno ya mtangazaji wao Tucker Carlson yametiwa chumvi, si taarifa ya kuchukuliwa ilivyo. Jaji akakubaliana nao, kesi ikatupwa. Yaani mbele ya hakimu wanasema mtu mwenye akili haamini, na mbele ya kamera wanawaomba mamilioni waamini. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2023, Fox ikalipa dola milioni 787.5 kumaliza kesi na kampuni ya mashine za kura, baada ya kufichuka kwamba baadhi ya watangazaji wake walikuwa wakizidharau faraghani zilezile tuhuma za wizi wa kura zilizokuwa zikirushwa kwenye kituo chao. Walikuwa wanajua. Waliogopa watazamaji watahama.

Huyu wenu naye anajua. Nimewahi kumwona kwenye picha, amekaa meza moja na mwenzake wa upande wa pili, wale ambao mchana wanatukanana mpaka povu. Kuku choma mezani, soda, mikono mabegani. Wao wanakula pamoja, ninyi hamzikani. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Jirani zetu Kenya walilipa bei yao baada ya uchaguzi wa 2007: zaidi ya watu 1,100 walikufa, na Tume ya Jaji Waki ilipochunguza ikazinyooshea kidole baadhi ya redio za lugha za makabila kwa uchochezi. Waliokimbilia kambini hawakufukuzwa na wageni. Walifukuzwa na watu waliokuwa wakiazimana nao chumvi.

Nimeandika maneno mengi, na najua mna wateja. Mengine nitayataja tu. Klipu ya sekunde thelathini, tafuteni mazungumzo kamili ilikokatwa. Mtu akisema "wao" mara kumi bila jina la mtu, tarehe wala karatasi, hajachambua kitu. Msikilizeni mchambuzi wa upande msioupenda, angalau mara moja kwa wiki, tena mpaka mwisho. Akikosea wenu, msemeni. Usitume kitu usiku ukiwa na hasira, subiri asubuhi. Na bando ni hela yako, mkumbuke hilo kila mnapomtazama mtu mara tatu kwa siku anawaambia jambo lilelile.

Kubwa kwangu ni hili la majina ya wadudu na wanyama. Kijiweni kwangu, kuanzia leo, hakuna chawa na hakuna nyumbu. Nina jina la kila mmoja wenu, na majina ya mama zenu pia ninayo. Anayetaka kumpinga mwenzake kuhusu kodi, katiba, bei ya mafuta au tume ya uchaguzi, kigoda kipo, akae apinge mpaka jua lizame, nitanunua kahawa mimi. Lakini atamwita kwa jina lake alilopewa na mama yake. Mkiona nawabana, basi tafuteni kijiwe kingine chenye umeme wa kuchajia simu bure.

Sasa nakwambia wewe ambaye hukuja. Najua unasoma, maana simu yako haikutoki mkononi. Sikuchukii, mwanangu. Wewe ndiye uliyenibeba kwenye pikipiki usiku ule presha iliponipanda, ukakataa hela, ukakaa nami hospitali mpaka asubuhi na koti lako ukanifunika. Mtu aliyefanya hivyo hawezi kushindwa kuvuka mitaa miwili kumpa mkono rafiki yake. Unaona aibu, najua. Kila siku inayopita aibu inaongezeka uzito, na hicho ndicho kinachokuzuia, hiyo siasa yenyewe umeshaisahau. Mwenzako naye nimekaa naye. Hakukutukana. Aliniuliza tu kama nimekuona stendi.

Jumamosi hii tunaanua tanga, saa nne asubuhi, kwao. Turubai na viti vya kukodi vinatakiwa kubebwa mapema kutoka kwa mwenye navyo, na nimeshasema kwamba wewe ndiye utakayevifuata saa kumi na mbili, pamoja na mfiwa. Atakusubiri kwenye kona ya duka la dawa. Mafuta ya pikipiki nitatoa mimi.

Mzee wenu,
fundi redio